Denis Burkitt na Chembe Zisizochoka

Katika sura iliyotangulia tulijifunza kwamba mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa chembe hai, ambazo pia huitwa seli. Tuliona kuwa mtoto hukua, na kidonda hupona, kwa sababu chembe hai hugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Lakini hatukujiuliza swali moja kubwa. Chembe hai hujuaje kwamba umefika wakati wa kuacha kugawanyika? Na je, hutokea nini ikiwa baadhi yake hazikomi?

Katika sura hii tutatafuta jibu kwa kufuata maisha ya Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na ambaye jina lake limepewa ugonjwa mmoja wa saratani unaowapata watoto wetu.

Kanga na pindo lake

Tuanze na jambo tunalolijua. Katika mitaa ya Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam, kanga huuzwa kwa doti, yaani mbili zikiwa bado zimeshikana. Mnunuzi huipeleka doti hiyo kwa fundi cherehani aliyeketi barazani. Fundi huikata katikati, kisha huzikunja na kuzishona ncha zake. Kanga isiyopindwa hufumuka. Kila ifuliwapo, nyuzi chache huchomoka ukingoni, na mwisho kufumuka huko hufika kwenye mji wa kanga na kwenye jina lake, yaani yale maandishi yenye ujumbe.

Kwa hiyo ukingo wa kanga una kazi muhimu. Wenyewe hauna ujumbe wowote, lakini huuhifadhi ujumbe usiharibike. Shika mfano huu moyoni, kwa maana tutauhitaji tena mbele.

Utoto na masomo

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ayalandi. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, tena mpenzi mkubwa wa ndege. Mzee huyo aliwavisha ndege wadogo pete miguuni, akachora ramani kuonyesha kila ndege alikaa wapi na mipaka ya makao yake ilikuwa ipi. Mtoto alikua akiona kwamba swali rahisi la mahali linaweza kufumbua mambo mengi.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipatwa na msiba. Jiwe lililorushwa na watoto wenzake lilivunja miwani yake, naye akapoteza jicho la kulia. Tangu siku hiyo aliishi na jicho moja tu.

Alipoingia chuo kikuu mjini Dublin alianza kusoma uhandisi kama baba yake, lakini baadaye akageukia udaktari, akahitimu mwaka 1935. Aliendelea na mafunzo ya upasuaji, akafaulu mtihani wa wapasuaji mwaka 1938. Alipoomba kwa mara ya kwanza kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Hata hivyo hakukata tamaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia jeshi kama daktari, na kwa muda alikuwa Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alifika Uganda, akapewa kazi katika hospitali ya Lira.

Huko Lira aligundua jambo la ajabu. Wanaume wengi walikuwa na ugonjwa wa busha, lakini ulikuwa mwingi zaidi upande mmoja wa wilaya kuliko upande wa pili. Akahesabu wagonjwa, akaandika vijiji vyao, akachora ramani. Alikuwa amekwisha kujifunza njia ya kazi ambayo ingempatia sifa baadaye: kutazama kwa makini, kuhesabu, na kuuliza ugonjwa uko wapi na hauko wapi.

Mtoto mwenye taya zilizovimba

Baada ya Lira, Burkitt alihamia hospitali ya Mulago mjini Kampala. Siku moja mwaka 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zote za mtoto huyo zilikuwa zimevimba, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yake yalikuwa yamelegea, na uso wake ulikuwa umepotoka. Burkitt hakuweza kuueleza ugonjwa huo. Usaha wa jino huvimbisha upande mmoja. Uvimbe wa kawaida wa saratani nao huanza mahali pamoja. Huu ulikuwa pande zote nne kwa mara moja.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, kwenye hospitali iliyo karibu na chanzo cha Mto Naili. Alipotazama nje dirishani alimwona mtoto wa kike ameketi na mama yake, naye uso wake ulikuwa vilevile. Burkitt akatoka nje mara moja kumpima. Akakuta kwamba mbali na taya, tumbo la mtoto huyo pia lilikuwa na uvimbe.

Mtu mwingine angaliweza kusema kwamba wagonjwa wawili ni bahati mbaya tu. Burkitt hakuridhika. Alirudi Mulago, akafungua majalada ya zamani ya hospitali, akakuta watoto wengi waliokufa kwa uvimbe wa taya, wa tumbo, wa figo na wa sehemu nyingine. Watoto hao walikuwa wameandikwa chini ya majina ya magonjwa mbalimbali. Yeye akaona kwamba yote yalikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari zake katika jarida la wapasuaji la Uingereza.

Alikosea jambo moja. Alidhani kwamba uvimbe huo ulitokana na mifupa au misuli. Wataalamu waliochunguza vipande vya uvimbe kwa hadubini, miongoni mwao Gregory O'Conor na Jack Davies wa Kampala, walitambua kwamba ulitokana na aina moja ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kutengeneza kinga ya mwili. Burkitt aliyakubali masahihisho hayo. Ndivyo sayansi inavyokwenda: mmoja huona, mwingine husahihisha, na wote hufika mbele.

Safari ya kilometa 16,000

Sasa lilizuka swali lililokuwa moyoni mwake tangu utoto: ugonjwa huu uko wapi? Burkitt alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa posta katika hospitali nyingi za Afrika. Majibu yalipofika alitia alama kwenye ramani ukutani. Baada ya muda alama zile zilifanya mkanda uliokatiza katikati ya bara.

Ili kuupata mpaka wa kusini wa mkanda huo, aliondoka Kampala tarehe 7 Oktoba 1961 pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson. Walisafiri kwa gari kuukuu aina ya Ford. Kwa muda wa wiki 10 walikwenda kiasi cha kilometa 16,000, wakapita Tanganyika na nchi nyingine za kusini, wakifika katika hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walionyesha picha zao na kuuliza swali lilelile: je, mmewahi kumwona mtoto kama huyu?

Majibu yalikuwa na mpango. Mahali penye joto na mvua nyingi, madaktari walisema ndiyo. Katika nyanda za juu zenye baridi, na katika sehemu kavu, walisema hapana. Mwanasayansi Alexander Haddow wa Entebbe alipoitazama ramani alitambua kwamba mpaka wake ulifuata joto na mvua, mambo ambayo hutawala pia maisha ya mbu.

Watu wengi walidhani kwamba mbu ndiye aliyeleta ugonjwa huo moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Leo tunajua kwamba mbu huleta malaria, na malaria inayompata mtoto mara kwa mara huzichochea chembe nyeupe zake zigawanyike mno, tena huidhoofisha kinga yake. Nchini Tanzania, katika wilaya ya Mara Kaskazini, watoto walipewa vidonge vya klorokwini tangu mwaka 1977 hadi 1982, ili wataalamu waone kama kupunguza malaria kutapunguza na saratani hiyo. Idadi ya wagonjwa wa saratani ilipungua, lakini ilikuwa imekwisha kuanza kupungua hata kabla ya vidonge kutolewa. Kwa hiyo jaribio hilo halikutoa jibu la kukata shauri. Mwanafunzi wa sayansi hana budi kujua kwamba si kila jaribio hutoa jibu tunalolitamani.

Chupa yenye maji ya ukungu

Kabla ya safari hiyo ndefu, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali moja ya London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mwanasayansi Anthony Epstein. Epstein aliposikia kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua, alishuku kwamba virusi vilihusika. Walipatana kwamba Burkitt atamtumia vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa muda mrefu Epstein hakupata kitu. Kisha, mwezi Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu isitue London, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika maabara hatimaye, maji yake yalikuwa yamechafuka kama maji ya mchele. Ilidhaniwa kwamba bakteria wameingia. Lakini Epstein hakuyamwaga. Aliweka tone moja chini ya hadubini, akaona chembe hai nyingi, zikielea peke yake, zenye afya. Akazikuza katika chupa, nazo zikaendelea kugawanyika wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi.

Mwaka 1964, Epstein pamoja na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walizichunguza chembe hizo kwa hadubini ya elektroni, wakaviona virusi ambavyo havikuwa vimeonekana kabla. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya mwanadamu. Watu wengi sana duniani huvipata utotoni wala havileti saratani. Hatari huwa kubwa pale virusi na malaria ya mara kwa mara vinapokutana katika mwili wa mtoto mmoja.

Lakini lilibaki fumbo jingine. Kwa nini chembe zile hazikuchoka?

Ncha za kromosomu

Mwaka 1961, ule ule wa safari ya Burkitt, wanasayansi wawili wa Marekani, Leonard Hayflick na Paul Moorhead, walitangaza habari za chembe hai za kawaida za mwanadamu walizozikuza katika chupa. Ziligawanyika kati ya mara 40 na 60, kisha zikaacha. Chakula kilikuwepo na joto lilitosha, lakini ziliacha. Ilikuwa kana kwamba kila chembe hai ina hesabu yake ndani.

Hesabu hiyo imo ndani ya kiini. Humo zimo nyuzi 46 nyembamba mno ziitwazo kromosomu, na nyuzi hizo hubeba jeni, yaani maagizo yote ya kuujenga na kuuendesha mwili. Chembe hai inapotaka kugawanyika hapana budi inakili kwanza maagizo yote. Lakini mashine ya kunakili haiwezi kuufikia mwisho kabisa wa uzi. Kila inaponakili, kipande kidogo cha mwisho huachwa.

Sasa ikumbuke kanga yetu. Kama ukingo usingekuwapo, ujumbe wenyewe ungeanza kukatika tangu mara ya kwanza. Kwa bahati njema, kila ncha ya kromosomu ina ukingo wake. Ukingo huo huitwa telomea. Hauna maagizo ya kujenga mwili. Una kipande kifupi kilekile kinachojirudia mara elfu na zaidi. Katika miaka ya 1930 Hermann Muller aliyechunguza vinzi, na Barbara McClintock aliyechunguza mahindi, walitambua kwamba ncha hizo hulinda kromosomu zisiharibike wala zisigandamane zenyewe kwa zenyewe.

Kila chembe hai inapogawanyika, telomea hupungua kidogo. Zikiwa fupi mno, chembe hai hupata ishara, nayo huacha kugawanyika. Huu ni ulinzi mkubwa. Chembe hai iliyokwisha kugawanyika mara nyingi huenda imekusanya makosa mengi katika maagizo yake, na ni heri iache kabla ya kuleta madhara.

Fundi anayerefusha ncha

Huenda sasa utauliza: ikiwa telomea hupungua siku zote, mbona watoto huzaliwa na telomea ndefu? Jibu lilipatikana mwaka 1984. Elizabeth Blackburn na mwanafunzi wake Carol Greider walikuwa wakichunguza kiumbe kidogo cha chembe moja kiishicho majini. Waligundua kimeng'enya kinachoongeza vipande vipya kwenye ncha za kromosomu. Kimeng'enya hicho huitwa telomeresi. Kwa ugunduzi huu na uchunguzi wao juu ya telomea, wao pamoja na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Telomeresi ni kama fundi wa Kariakoo anayeshona ukingo mpya pale wa zamani ulipolika. Katika mwili wenye afya fundi huyu hafanyi kazi kila mahali:

(a) Katika chembe zinazotengeneza mbegu za uzazi hufanya kazi daima, ili kizazi kipya kianze na telomea ndefu.

(b) Katika uboho wa mifupa, ambako chembe za damu hutengenezwa maisha yote, hufanya kazi kwa kiasi.

(c) Katika chembe nyeupe za damu huamka kwa muda, wakati zinapolazimika kuongezeka haraka ili kupigana na ugonjwa.

(d) Katika sehemu nyingi nyingine za mwili wa mtu mzima amelala.

Usidhani basi kwamba telomeresi ni adui. Wako watu wachache wanaozaliwa na upungufu wake. Telomea zao hufupika mapema, uboho wao huchoka, nao hupungukiwa damu. Afya hutaka telomeresi iwepo kwa kiasi chake, mahali pake na kwa wakati wake.

Saratani huvunja utaratibu huo. Chembe ya saratani imepoteza utii kwa ishara za kuacha kugawanyika. Lakini hata chembe asi ingefika mwisho wake kama telomea zake zingeendelea kupungua. Kwa hiyo saratani nyingi, kadiri ya 9 kati ya kila 10, zimemwamsha fundi na kumfanyisha kazi usiku na mchana. Zilizobaki hutumia njia nyingine: hunakili kipande cha telomea kutoka kromosomu moja na kukitia katika nyingine. Njia ni mbili, na matokeo ni yale yale. Ncha haziishi, na chembe hazichoki.

Hali ilivyo katika uvimbe wa Burkitt

Sasa tunaweza kulielewa fumbo la ile chupa ya London. Katika chembe za uvimbe wa Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na mara nyingi huungana na kromosomu ya 14. Katika kipande hicho imo jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuamuru chembe hai ikue na kugawanyika. Mahali pake pa kawaida jeni hii hudhibitiwa. Ikihamishwa, hujikuta jirani na jeni ambazo katika chembe nyeupe hufanya kazi bila kupumzika, nayo huanza kutoa amri zake bila kukoma. Mojawapo ya amri hizo ni kuiamsha telomeresi.

Basi chembe hizo hupata mambo mawili kwa pamoja: msukumo wa kugawanyika upesi, na fundi wa kurefusha ncha. Ndiyo maana uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani za mwanadamu zinazokua kwa kasi kuliko zote. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu.

Tiba na maua ya Bukini

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona kwamba kisu hakikuweza kuwaponya watoto hawa. Kukata taya zote nne hakuwezekani, na mara nyingi uvimbe ulikuwa umekwisha kuenea. Uganda wakati huo haikuwa na mashine za mionzi. Kwa hiyo tangu kama mwaka 1960 alianza kuwapa watoto dawa zinazoziua chembe zinazogawanyika. Madaktari na wauguzi wa Mulago waliona jambo ambalo halikutazamiwa. Kwa baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na uso ukarudi kuwa wa mtoto. Wengine ugonjwa uliwarudia, lakini wako waliopona na kuishi miaka mingi. Sababu yake ni ile kasi yenyewe: dawa hizo hushambulia chembe zinapogawanyika, na chembe hizi hugawanyika daima. Mwaka 1967 ilianzishwa taasisi ya saratani mjini Kampala ili kuiendeleza kazi hiyo.

Mojawapo ya dawa zilizotumika ni vinkristini. Hutengenezwa kutokana na mmea ambao asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, na ambao watu hupanda mbele ya nyumba kwa ajili ya maua yake meupe au ya rangi ya waridi. Angalia: mmea huo ni sumu. Dawa hutolewa kiwandani na kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Mtu yeyote asile majani yake wala kunywa maji yake.

Wanasayansi wanaendelea kutafuta dawa za kuizuia telomeresi yenyewe. Kazi hiyo si rahisi, kwa sababu uboho wenye afya nao unaihitaji.

Miaka ya mwisho

Burkitt alirudi kuishi Uingereza mwaka 1966. Aliendelea kuuliza swali lake la mahali. Safari hii aliuliza kwa nini baadhi ya maradhi ya matumbo yalikuwa mengi Ulaya na machache katika vijiji vya Afrika. Alifikiri kwamba sababu ni chakula, akawahimiza watu wale nafaka zisizokobolewa, maharage, mboga na matunda. Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Kutoka Kariakoo hadi hospitali

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iko Upanga, jirani kabisa na Kariakoo. Upande wa baharini ipo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoanzishwa kuwa taasisi mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa zamani za Wajerumani. Watoto wenye uvimbe wa Burkitt hupata tiba Dar es Salaam, nao huletwa na wazazi wao kutoka mikoa mingi.

Mzazi mmoja humleta mtoto mara shavu linapoanza kuvimba. Mwingine hungoja, akidhani kwamba ni jino bovu, akaling'oa moja, akangoja tena. Tumeona kwamba uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hesabu mwenyewe tofauti ya wiki tatu. Mtoto anayefika mapema na kumaliza dawa zake zote ana tumaini kubwa la kupona. Anayechelewa, au anayerudishwa nyumbani mara tu uvimbe unapopotea kabla dawa hazijaisha, hupungukiwa na tumaini hilo.

Basi ukimwona mdogo wako au mtoto wa jirani amevimba taya au tumbo, au meno yake yamelegea kabla ya wakati wake, usimcheke wala usimkimbie, maana ugonjwa huu hauambukizwi kwa kukaa pamoja. Mwambie mzazi au mwalimu siku hiyohiyo, ili apelekwe hospitali. Burkitt alikuwa na jicho moja tu, lakini alilitumia kumtazama mtoto ambaye wengine walimpita.

Mambo ya kukumbuka

1. Telomea ni ncha za kromosomu. Hulinda maagizo ya chembe hai.
2. Telomea hupungua kila chembe hai inapogawanyika. Zikiwa fupi mno, chembe hai huacha kugawanyika.
3. Telomeresi ni kimeng'enya kinachorefusha telomea. Katika mwili wenye afya hufanya kazi mahali pachache na kwa kiasi.
4. Chembe nyingi za saratani huiamsha telomeresi, kwa hiyo hazikomi kugawanyika.
5. Uvimbe wa Burkitt huhusiana na virusi vya Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara. Unatibika ukiwahiwa.

Kazi ya kufanya

Chukua vipande viwili vya kamba ya katani vyenye urefu wa sentimeta 20 kila kimoja. Funga ncha za kipande cha kwanza kwa uzi imara. Kipande cha pili kiache kama kilivyo. Sugua ncha za vipande vyote viwili juu ya sakafu mara 50. Pima sehemu iliyofumuka katika kila kipande, uandike matokeo yako. Eleza jinsi jaribio hili linavyofanana na kromosomu, na jinsi lisivyofanana nayo.

Maswali

1. Burkitt alijifunza nini kutokana na kazi ya baba yake juu ya ndege?
2. Kwa nini uvimbe wa mtoto wa Mulago ulimshangaza Burkitt?
3. Taja mambo mawili ya hali ya hewa yaliyoonekana katika sehemu zenye ugonjwa huo.
4. Kwa nini Epstein angepata hasara kama angeyamwaga maji yaliyochafuka?
5. Linganisha telomea na ukingo wa kanga.
6. Taja sehemu mbili za mwili wenye afya ambamo telomeresi hufanya kazi.
7. Uvimbe una uzito wa gramu 10 nao huongezeka maradufu kila baada ya siku 2. Utakuwa na uzito gani baada ya siku 10? Jibu lako linatufundisha nini juu ya kuwahi hospitali?